Nuru Nyuma ya Mlima: Caspar David Friedrich na Swali la Altare

Mwaka 2024 ilitimia miaka 250 tangu azaliwe mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, na majumba ya makumbusho ya Hamburg, Berlin na Dresden yalimwadhimisha kwa maonyesho makubwa. Picha zake za vilele, ukungu na machweo zimeenea sana ulimwenguni, na wanaomwiga ni wengi zaidi. Hata kalenda zenye aya za Maandiko ambazo makanisa rafiki ya Ulaya hutuletea, na ambazo wengi wetu tumezitundika sebuleni mwa nyumba za wachungaji, hazikosi mlima mmoja wenye miali ya jua nyuma yake. Ni desturi njema, nasi hatuna ugomvi na kalenda. Lakini picha ya namna hiyo ikitundikwa juu ya aya ya Injili inakuwa tayari imeanza kuifasiri aya hiyo, nayo hufanya kazi hiyo kimya kimya. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo wasifu wa Friedrich hawaliulizi mara nyingi: nuru ile ya mlimani yatoka wapi, nayo yamfikiaje mtu?

Friedrich alizaliwa Greifswald, pwani ya bahari ya Baltiki, tarehe 5 Septemba 1774, katika nyumba ya Kilutheri ya mtengenezaji wa sabuni na mishumaa. Mama yake alifariki mwaka 1781, na mwaka 1787 ndugu yake Johann Christoffer alikufa maji. Baada ya masomo ya uchoraji huko Copenhagen alihamia Dresden mwaka 1798, akaishi huko hadi alipofariki tarehe 7 Mei 1840. Huhesabiwa miongoni mwa wachoraji wakuu wa Uromantiki, mkondo ambao wahakiki wetu wa fasihi hupenda kuuita ulimbwende. Neno hilo halitutoshelezi sana, maana mlimbwende kwetu ni mtu wa kujipamba, hali Friedrich alikuwa mtu wa chumba kitupu. Rafiki yake Georg Friedrich Kersting alimchora akiwa kazini mwaka 1811: kuta tupu, kiti, ubao wenye picha, na dirisha lililozibwa sehemu ya chini ili nuru iingie kwa juu peke yake. Mchoraji wa milima amejifungia asione nje. Jambo hilo tutalirudia.

Picha tunayotaka kuisoma hapa kwa kirefu ni Msalaba Milimani, iitwayo pia Altare ya Tetschen, iliyokamilika mwaka 1808. Ni ya rangi za mafuta juu ya kitambaa, kimo chake sentimeta 115 na upana wake sentimeta 110. Katikati pamesimama kilele cha mwamba mfano wa pembetatu, cheusi, kimeota misonobari. Juu kabisa umesimikwa msalaba mwembamba, na mmea utambaao umeukumbatia mguu wake. Jua liko nyuma ya mlima, chini, nasi hatulioni. Twaona miali yake tu, imepanda mipana kama nguzo hadi kwenye mawingu ya zambarau na ya rangi ya damu ya mzee. Upande wa mlima ulioelekea kwetu umo katika utusitusi. Na yule Msulubiwa hatutazami sisi. Amegeuzwa aelekee jua linalokuchwa, nasi twamwona kwa upande tu, tena akiwa mdogo sana. Lakini mwili wake, ulio wa madini, umepokea mng'ao.

Fremu yake ilichongwa na Gottlieb Christian Kühn kwa maelekezo ya Friedrich mwenyewe. Pande zote mbili zimepanda nguzo zinazoishia katika matawi ya mitende yaliyokutana juu, yenye vichwa vya malaika na nyota. Chini kuna masuke ya ngano na mzabibu, na katikati yake Jicho la Mungu ndani ya pembetatu. Basi hata asiyesoma kitabu chochote angejua mara moja kwamba hii haikukusudiwa kuwa pambo la sebule. Siku za Krismasi za mwaka 1808 Friedrich aliwafungulia watu mlango wa chumba chake, akaiweka picha juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, na madirisha akayapunguza mwanga. Waliofika walinyamaza kama watu walioingia kanisani.

Mtu mmoja hakupendezwa. Basilius von Ramdohr, mwanasheria na mhakiki wa sanaa, alichapisha gazetini mnamo Januari 1809 shambulio refu, na marafiki wa mchoraji wakamjibu kwa ukali. Katika vitabu vya historia ya sanaa Ramdohr huonyeshwa kama mzee wa kanuni zilizopitwa na wakati. Sisi twaona kwamba alistahili kusikilizwa zaidi, na hasa na wachungaji. Alisema mambo mawili. La kwanza lilikuwa la ufundi: kwamba picha imevunja kanuni za umbali. Mchoraji mwenye adabu huanza na ardhi ya karibu, akaja ya katikati, akamalizia na ya mbali inayofifia katika hewa, ili jicho litembee hatua kwa hatua. Hapa kuna mlima mmoja mweusi na mbingu nyuma yake, basi. Tena mtazamaji hana mahali pa kusimama, na nuru yenyewe haiwezi kutokea pale ilipowekwa. La pili lilikuwa la dini: kwamba ni ujasiri uliopita kiasi picha ya mandhari kupenya kanisani na kupanda juu ya altare, na kwamba jambo hili ni tawi la ule usirisiri wa nyakati zake uliokuwa ukitoka katika sanaa, falsafa na dini kama mvuke wa kulevya.

Tuanze na la ufundi, kwa sababu ndani yake limo la dini. Ni kweli kwamba picha haina ardhi ya karibu. Hakuna njia, hakuna jiwe la kukanyaga, hakuna mchungaji wa mbuzi aliyeketi pembeni ili kutuonyesha ukubwa wa mlima, kama walivyozoea wachoraji waliotangulia. Twaning'inia mahali fulani hewani mkabala wa kilele. Ramdohr aliona kasoro. Sisi twaona kwamba mchoraji ameondoa ngazi. Mlima huu haupandiki. Mandhari ya kawaida humwalika mtazamaji aingie chini, apite bondeni, aende akipanda hadi nuruni, na njia hiyo ya jicho hufanana mno na njia ya yule ambaye Luther alimwita mwanateolojia wa utukufu. Katika hoja ya 19 na ya 20 za Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alimnyima jina la mwanateolojia mtu adaiye kuyafahamu mambo ya Mungu yasiyoonekana kwa kupitia vitu vilivyoumbwa. Akampa jina hilo yule azifahamuye sehemu za Mungu zinazoonekana, yaani za nyuma, kwa njia ya mateso na msalaba. Kila mwanafunzi wetu anazijua hoja hizo kwa ajili ya mtihani. Wachache hukumbuka kwamba neno lile la ajabu, sehemu za nyuma, latoka mlimani: latoka Kutoka 33, pale Musa alipotaka kuuona utukufu, akatiwa katika ufa wa mwamba na kufunikwa kwa mkono, asione ila mgongo wa Bwana apitaye.

Basi tuirudie picha. Mwamba upo. Utukufu unapita nyuma yake. Kile tunachoruhusiwa kukiona ni Msulubiwa ambaye uso wake hauko kwetu. Hatudai kwamba Friedrich alikuwa amefungua Mdahalo wa Heidelberg mezani pake. Hatuna haja ya dai hilo. Twasema kwamba mpangilio wa nuru katika picha yake wafuata njia ile ile. Kama jua lingekuwa upande wetu, mlima wote ungeng'aa, kila msonobari ungekuwa mhubiri, na msalaba ungekuwa kijiti kimoja miongoni mwa miti. Kwa kuliweka jua nyuma, Friedrich ameufanya uumbaji uwe giza kwa upande wetu. Kitu kimoja tu kilicho juu ya upeo wa mwamba kimeiona nuru, nacho chatupa habari zake.

Na kitu hicho ni nini? Hapa ndipo penye jambo ambalo twaliona kuwa kiini cha kazi hii. Huyu si Kristo wa Golgotha aliyechorwa akiteseka. Ni sanamu ya madini iliyofungwa juu ya mti, ya namna ile ambayo watu wa Bohemia na wa nchi nyingine za milimani walizoea kuisimika vileleni na njiani. Seremala aliuchonga msalaba, mfua madini aliifua sanamu, watu wakaibeba kwa mabega. Ni sanamu ndani ya picha. Wahakiki wengine huona hapo udhaifu, kana kwamba mchoraji aliogopa kumchora Bwana mwenyewe. Sisi twaona kinyume chake. Nuru hapa haimfikii mtu moja kwa moja kutoka angani, wala haichipuki moyoni mwake. Yamfikia kwa kitu cha nje kilichofanyizwa kwa mikono na kuwekwa pale na watu waliotangulia. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 Luther alishikilia kwa nguvu zote kwamba Mungu hampi mtu Roho wake ila kwa njia ya Neno la nje linalotangulia, na kwa ajili hiyo aliwapinga wale waliojivunia roho bila neno. Kipande cha madini kilichofuliwa na fundi, kilichopigwa na jua na kulirudisha kwetu gizani: hatujui mfano uliochorwa ulio karibu zaidi na mahubiri ya Jumapili, ambayo nayo hufuliwa na mtu, mara nyingi Jumamosi usiku.

Friedrich alitoa maelezo yake, nayo yalichapishwa mwaka 1809. Mwamba, kwa kifupi cha maneno yake, ni imani isiyotikisika. Misonobari isiyopukutika ni tumaini. Msulubiwa wa dhahabu huipokea nuru na kuituliza ili iangukie dunia. Kufikia hapo twakubaliana naye. Lakini aliongeza kwamba jua linalozama ni ulimwengu wa kale, uliokufa kwa mafundisho ya Yesu, wakati Mungu Baba alipotembea waziwazi duniani. Jua hilo lilikuchwa, na dunia haikuweza tena kuishika nuru inayoondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiandika hivyo atasahihishwa kwa kalamu nyekundu, maana Baba hajaondoka, wala Agano Jipya si jioni ya Agano la Kale. Picha ina theolojia bora kuliko maelezo ya aliyeichora. Jambo hilo si geni kwetu tunaohubiri; mara nyingi liturgia hubeba kile ambacho mahubiri yameshindwa kukibeba.

Nasi hatuwezi kuficha kwamba katika maandishi yake Friedrich alielekea upande mwingine. Alifundisha kwamba mchoraji asichore kile tu akionacho mbele yake bali pia kile akionacho ndani yake. Ndiyo maana ya dirisha lile lililozibwa. Aliandika pia kwamba nchi iliyofunikwa na ukungu huonekana kubwa zaidi na ya fahari zaidi, kwa kuwa huamsha mawazo. Ni kweli kabisa, kila aliyewahi kuona bonde alfajiri ajua. Lakini tuseme waziwazi ni kitu gani kilichoongezeka ukubwa. Bonde ni lile lile. Kilichokua ni mawazo ya mtazamaji. Nyakati hizo Schleiermacher alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1799, hotuba zake juu ya dini kwa wasomi waidharauo, akiiweka dini katika kuona na kuhisi, nje ya mafundisho na nje ya maadili. Na mwaka 1810 alimtembelea Friedrich chumbani mwake. Hatusemi mmoja alimwiga mwingine. Hewa ilikuwa moja. Na mvuke ule aliousikia Ramdohr haukuwa ndoto yake tu.

Kwa hiyo kazi za Friedrich hazitupi jibu moja, na ndiyo sababu twapendekeza zisomwe moja moja. Pale msalaba usimamapo, ukungu wake ni mtumishi. Pale uondokapo, ukungu huanza kutawala.

Chukua Asubuhi katika Riesengebirge, picha ya miaka ya 1810 na 1811, iliyotokana na safari ya miguu aliyoifanya pamoja na Kersting katika milima hiyo Julai 1810. Ni pana, sentimeta 108 kwa 170. Safu baada ya safu ya vilima hutokeza katika ukungu kama mawimbi, kila safu ikififia kuliko iliyo mbele yake, hadi pale mstari wa upeo ulipo mnyoofu na mbingu zimeanza kung'aa kwa jua ambalo halijatoka. Hapa kanuni ya hewa aliyoitaka Ramdohr imetimizwa barabara, kwa tabaka nyembamba za rangi zilizopakwa moja juu ya nyingine hata nuru ikaonekana kupenya kutoka ndani. Kwenye jabali la mbele umesimama msalaba, na chini yake watu wawili wadogo ambao mtu huweza kuwapita asiwaone. Mwanamke mwenye vazi jeupe ameushika msalaba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amvuta mwanamume aliyebaki nyuma. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliinunua picha hii mwaka 1812.

Tunampenda mwanamke huyu kuliko mtu yeyote aliyechorwa na Friedrich. Uzuri wote wa mapambazuko umetandazwa mbele yake, naye hana nafasi ya kuutazama. Mkono mmoja uko msalabani, mwingine umemshika jirani. Wapo waliomfasiri kuwa Imani au Kanisa, na huenda ni kweli. Lakini hata akiwa mwanamke wa kawaida aliyetangulia kufika, yatosha.

Sasa tumtazame msafiri mashuhuri, Mtembezi juu ya Bahari ya Ukungu, wa karibu na mwaka 1817, aliyeko Hamburg tangu mwaka 1970. Ndiye asiyekosekana kwenye majalada ya vitabu vya falsafa. Mwanamume mwenye koti la kijani amesimama juu ya jabali, mgongo kwetu, fimbo mkononi, na ukungu wote wa dunia umelala miguuni pake. Kwa ufundi picha hii haina upungufu. Jinsi vilele vya miamba ya kandokando ya mto Elbe vinavyotokeza na kutoweka ni ajabu ya kweli. Lakini angalia mistari ya vilima pande zote mbili: yateremka na kukutana kifuani mwake. Palepale kwenye kilele cha pembetatu ambapo katika altare ya 1808 palisimama msalaba, sasa amesimama mtu. Na mgongo tuuonao si ule wa Kutoka 33. Wapo wasomi wanaoisoma picha hii kama kumbukumbu ya marehemu, na kama ndivyo twanyamaza kwa heshima. Hata hivyo karne mbili za watazamaji zimejifunza humo kusimama mahali pa mtu huyo na kujisikia wakubwa. Hatulioni jambo hilo kuwa dhambi ya mchoraji peke yake. Lakini nafasi aliiacha wazi.

Hatua ya mwisho ni Watzmann, ya miaka ya 1824 na 1825. Mlima huo uko katika Alpi za Bavaria, nao Friedrich hakuuona kamwe. Aliutoa katika mchoro wa mwanafunzi wake August Heinrich, aliyefariki mwaka 1822, na miamba ya mbele akaitoa katika michoro yake mwenyewe ya milima ya Harz ya mwaka 1811. Hakuna mtu, hakuna msalaba, hakuna kibanda. Ludwig Richter aliuchora mlima huo huo mwaka 1824 akauweka maporomoko ya maji, kanisa na nyumba. Friedrich akaviondoa vyote. Theluji yang'aa juu kabisa, safi, mbali, haina neno kwa mtu yeyote. Ni picha kubwa na nzuri mno, nasi hatuna neno la kuupunguza uzuri wake. Lakini nuru iliyo tupu hivi husubiri mtu wa kuja kuipa jina, naye alikuja. Katika miaka ya 1930 na ya 1940 wasomi waliokuwa upande wa utawala wa Wanazi walimtwaa Friedrich wakamfanya nabii wa roho ya Kijerumani na ardhi yake. Mwaka 1937 picha hii ya Watzmann iliingia Nationalgalerie ya Berlin kutoka kwa mmiliki Myahudi aliyelazimika kuiuza ili apate nauli ya kukimbia nchi. Mwaka 2002 ilirudishwa kwa warithi wake. Baadaye ilinunuliwa na benki moja ya Kijerumani, na bado yaonyeshwa Berlin kwa mkopo wa kudumu.

Msomaji atakuwa amekwisha kutambua tunakoelekea. Mwaka 1934, Mei, Azimio la Barmen lilikataa katika kifungu chake cha kwanza kwamba Kanisa laweza kuwa na chemchemi nyingine ya mahubiri yake kando ya Neno lile moja. Na mwaka huo huo Karl Barth alimjibu Emil Brunner kwa kijitabu chenye jina la neno moja tu, Hapana. Wanafunzi wetu huona ukali ule umepita kiasi. Wako tayari kumtetea Brunner, nao hutaja Warumi 1 na Zaburi ya 19, tena kwa haki. Sisi wenyewe hatuwezi kumfuata Barth hadi mwisho, maana Paulo asema uumbaji wasema. Lakini inafaa wajue kwamba mjadala ule haukuwa wa vitabu tu. Nuru ya mlimani ilikuwa imekwisha kupewa jina jingine, na watu walikuwa wakikimbia. Kiswahili kina hekima yake hapa, maana kwetu mwanga ni wa taa, na pia ni yule mchawi azungukaye usiku. Ni nuru tu isiyo na maana ya pili. Na mwimbaji wa Zaburi ya 121, tukimsoma kwa makini, hasemi kwamba msaada wake watoka milimani. Aiinulia macho, auliza, kisha aipita na kumtaja Muumba.

Je, Friedrich angewekwa juu ya altare zetu? Hapa twarudi kwa Ramdohr na lawama yake ya pili, na hapa twampa haki zaidi ya nusu. Tulinganishe na altare ya Lucas Cranach katika kanisa la mji la Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547. Katika ubao wake wa chini Luther yuko mimbarani upande mmoja, usharika upande wa pili, na katikati Msulubiwa, juu ya sakafu ya mawe, mbele ya ukuta mtupu. Hakuna mbingu. Hakuna hewa. Mwanga ni sawa kila mahali, kama wa chumba cha darasa. Mtu apendaye uchoraji atamchagua Friedrich bila kusita. Lakini kwa Cranach wako watu: wanawake wameketi, watoto wako, wazee wako, na Bwana yuko kati ya mhubiri na hao. Kwa Friedrich mlima hauna usharika. Kristo wake wa madini hatoki damu, naye yuko mbali mno kwa mama anayetaka kulia miguuni pake. Altare ni mahali ambapo watu hukusanyika kula na kunywa, na ngano na zabibu za fremu ya Kühn, pamoja na uzuri wake, haziwezi kuwaita mezani watu ambao picha yenyewe haikuwachora. Msimamo wetu basi ni huu: yatundikwe darasani, katika maktaba, katika nyumba ya mchungaji, lakini tusiitundike juu ya meza ya Bwana.

Historia yenyewe iliamua karibu vivyo hivyo. Aliyeipata picha alikuwa Franz Anton von Thun und Hohenstein, kabaila wa Bohemia, na katika ngome yake ya Tetschen, ambayo leo ni Děčín katika nchi ya Wacheki, haikuwekwa katika kanisa dogo la ngome. Iliwekwa chumbani mwa kulala mwa mke wake. Ilidumu na ukoo huo hadi iliponunuliwa na jumba la sanaa la Dresden mwaka 1921, ambako sasa iko katika Albertinum pamoja na fremu yake. Waandishi wengi husimulia habari ya chumba kile kwa kejeli kidogo, kana kwamba altare ilishushwa cheo. Sisi hatuoni hivyo. Chumba cha kulala cha nyakati zile kilikuwa ndiyo mahali pa kujifungulia, pa kuugulia na pa kufia. Mtu aliyelala pale jioni, taa hazijawashwa, alikuwa na mlima mweusi mbele ya kitanda chake, jua asiloliona, na juu ya kilele kipande kimoja cha madini ambacho bado kilikuwa na nuru.